Kiatu Kilichopanuliwa Mara Tatu

Siku binti alipomletea mama yake viatu kwa mara ya kwanza, wote wawili walicheka.

Mimba ilikuwa imetimiza miezi minne na siku chache. Binti alifanya kazi mapokezi, kwenye hoteli iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kibandani kwa mama yake, na sharti la pale halikuwa na mjadala: sketi ya bluu, blauzi nyeupe, viatu vyeusi vya kufunika vidole. Alipotoka kazini alipitia kwa mama, akajibwaga kwenye benchi la wateja, akavua kiatu cha kulia na kukining'iniza hewani.

"Mama, hiki kimenikana mchana kweupe."

"Hakijakukana, mwanangu. Wewe ndiye umeongezeka. Hebu lete."

Mtaa mzima ulimwita yule mama Mama Viatu. Alikuwa ameshona viatu miaka ishirini na minane katika chumba kile kile, chembamba kama ushoroba, ambacho ukuta wake mmoja kilichangia na duka la dawa. Kazi alifundishwa na mzee mmoja ambaye siku Mama Viatu alipofika mji huu, hana mbele wala nyuma, alimpa kigoda, sindano nene na uzi uliopakwa nta, bila kumwuliza ametoka wapi wala amemwacha nani. Yule mzee alikwishafariki. Kutoulizwa kule Mama Viatu hakukusahau. Alikuona kuwa ni wema mkubwa kuliko hata kazi yenyewe, na akaishi miaka yote akiamini kwamba kukaa kimya ni namna ya kumsitiri mtu.

Basi akakipokea kiatu. Akatia kitambaa kibichi ndani, akachomeka kalibu ya mbao, ile ya skrubu inayofunguka katikati, akazungusha polepole mpaka ngozi ikalalamika. Akamwambia binti aende na ndara, aje kesho kutwa. Kesho kutwa kiatu kiliingia mguuni kama kimeitwa.

Ile ilikuwa miezi mizuri. Miezi mitatu ya mwanzo binti alikuwa hawezi hata kukaribia kibanda kwa harufu ya gundi. Alikuwa akisimama ng'ambo ya barabara, kiganja puani, wanazungumza kwa kupaaziana sauti hadi wapita njia wakawa wanachangia mazungumzo. Sasa kichefuchefu kilikuwa kimekwisha. Alikula, akarudia, akauliza kilichobaki. Nywele zilimjaa, ngozi ikang'aa, akawa anachekacheka bila sababu. Mama Viatu alimwambia kwamba miezi ya katikati ndiyo ya kufaidi, kipande cha njia kisicho na mlima. Mwanzo una kichefuchefu, mwisho una uzito, katikati mwanamke anapewa nafasi apumue.

Hapo kwenye benchi ndipo mtoto alipocheza mara ya kwanza. Binti alikuwa anasimulia kisa cha mgeni aliyepoteza ufunguo mara mbili kwa siku moja, akanyamaza katikati ya neno. Akashika ukingo wa meza ya kazi.

"Mama. Kuna kitu kimepita."

"Kimepitaje?"

"Kama samaki mdogo amegeuka."

Mama Viatu aliweka nyundo chini taratibu, kana kwamba mtoto angeshtuka. Mfamasia wa duka la pili, aliyekuwa amekuja kuchukua viatu vyake, akajifanya anatazama soli mpaka mama na mwana walipomaliza kufuta macho. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa hata na mashine ya kupimia presha mezani kwake, na kila mara alipoliona tumbo la binti likipita mlangoni alimwambia apitie apime, bure, ni dakika mbili. Binti alikuwa akijibu kwamba atapita kesho.

Mkwe, mume wa binti, alikuwa fundi umeme, kijana wa maneno machache mwenye mikono mikubwa yenye upole. Alikuwa amejiandikisha kwenye huduma fulani ya simu, na kila wiki aliletewa ujumbe wa kumweleza mtoto amefika wapi. Jumapili jioni walipokula pamoja kwa mama, aliusoma kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole. Wiki ya ishirini na moja, mtoto ameanza kusikia. Wiki ya ishirini na mbili, nyusi zimeota. Binti akamwuliza kama simu imesema ni nyusi za nani, maana za kwake yeye mkwe zingekuwa msiba kwa mtoto wa kike. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Viatu vilirudi mara ya pili kabla mwezi haujaisha. Mama Viatu akavirudisha kwenye kalibu, akaongeza vipande viwili vya ngozi pembeni mwa kalibu pale penye kifundo cha dole gumba. Alisema kazi ya kusimama kutwa nzima ina malipo yake, akamshauri binti ainue miguu juu ya mto akifika nyumbani. Akamchemshia maji, akamkandia. Alipenda kuikanda ile miguu. Tangu binti alipoolewa alikuwa hajaishika.

Mara ya tatu haikuwa kama zile mbili.

Mimba ilikuwa imeingia wiki ya ishirini na tano. Binti alikuja amevaa ndara, viatu vimo mfukoni. Akasema leo alisimama mapokezi pekupeku, nyuma ya kaunta, wageni hawakujua, ila msimamizi akipita atakuwa hana kazi. Mama Viatu akapiga goti ampime upya. Akauweka mguu wa binti juu ya paja lake, akazungusha utepe, na ili autulize akabonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo. Alipoondoa dole, shimo lilibaki.

Akalitazama. Lilikuwa shimo la mviringo, safi, kama alama ya dole kwenye nta ya moto. Akangoja lijae. Halikujaa upesi.

Alikuwa amewahi kuliona shimo kama lile. Aliliona mguuni kwake mwenyewe, miaka ishirini na tisa iliyopita, katika nyumba nyingine, mji mwingine, kwa mume wa kwanza ambaye binti hakujua kama alipata kuwapo. Mimba yake ya kwanza ilikuwa ya miezi sita. Alivimba miguu, akavimba mikono, akavimba uso, kichwa kikawa kinamgonga kama mlango, kisha akaanguka jikoni akajipigapiga chini mbele ya mawifi. Alipozinduka hospitali siku ya pili, mtoto alikwisha kuzikwa. Mvulana, waliambiana walipodhani amelala. Muuguzi mmoja alikaa kitandani kwake akamweleza kwamba ule ni ugonjwa wa mimba, si wa kuambukiza, umekuja na mimba na umeondoka nayo. Lakini mawifi walikwishaona alivyoanguka, na kwao kile kilikuwa kifafa. Walitenga kikombe chake. Mama mkwe akahamisha watoto wa mawifi wasilale chumba kimoja naye. Mume hakusema neno baya hata moja, na hakusema jema pia. Siku moja akamfungia mizigo yake vizuri, akamsindikiza mpaka stendi.

Ndipo akaja mji huu. Akapata kigoda, akapata mume mwingine, mtu mwema, akamzaa binti bila shida yoyote, na yule mwema naye alifariki bila kuambiwa lolote, binti akiwa darasa la tatu. Jambo lile alilifunika. Miaka ilivyopita akakifunika hata kifuniko chenyewe.

Binti alipokwenda kliniki mara ya kwanza, mkunga alimwuliza kama mama yake mzazi aliwahi kupata shida katika uzazi, presha au kuanguka. Binti akaja kumwuliza mama jioni ile ile, kwa kawaida tu, huku anamenya chungwa. Na mama alijibu kwa kawaida hivyo hivyo.

"Mimi? Nilikuzaa salama salimini."

Lilikuwa kweli, neno kwa neno. Ndiyo maana lilitoka kirahisi.

Sasa shimo lilikuwa mbele yake. Baadaye, aliporudia siku zile moja moja, hapa ndipo alipokuwa akikwama. Hakuweza kusema kwamba hakujua. Wala hakuweza kusema alijua akaamua kunyamaza, maana haikuwa hivyo. Ilikuwa kama mtu aliyeitwa jina kwa mbali, akajiambia kwamba anaitwa mwingine. Mkono wake ulikwishashika kiatu. Kiatu alikiweza. Binti akamwuliza, mbona umenyamaza, na yeye akajibu kwamba anafikiria ngozi.

Kile kiatu alikifanyia kazi siku mbili nzima. Alikikata ubavuni, kulia na kushoto, akatia kipande cha ngozi laini kinachovutika, akakishona mishono midogo midogo, akapaka rangi mpaka maungio hayakuonekana. Hakupata kufanya kazi nzuri kama ile maishani mwake. Binti alipovaa alifumba macho kwa raha. Hotelini wenzake waliviinamia wakaviulizia, na wawili wakaja wenyewe kutaka vya aina ile. Mama Viatu alifurahi. Ndiyo, alifurahi.

Jumapili iliyofuata pete ya binti ilikuwa haiko kidoleni. Mkwe alieleza kwamba waliitoa kwa sabuni. Binti mwenyewe alikaa amefunga macho nusu, akasema kile kiyoyozi cha mapokezi kinamletea maumivu ya kichwa kila siku. Kliniki ya mwezi ule hakwenda. Hoteli ilijaa wageni wa mkutano na ruhusa haikupatikana. Mkwe alitaka amwombee mwenyewe kwa msimamizi. Mama Viatu akamtuliza, akasema mtoto anacheza, mama anakula, kinachotakiwa kupimwa ni nini tena, atakwenda mwezi ujao.

Mkwe akatoa simu. Akasoma kwamba wiki ya ishirini na sita mtoto anaanza kufumbua macho. Kisha akaendelea, sauti ikashuka kidogo: mama akiona uvimbe wa uso au mikono, kichwa kinachouma bila kupoa, au vimulimuli machoni, asingoje siku ya kliniki. Akainua uso, akamtazama mke wake, kisha akamtazama mama mkwe. Alikuwa anauliza. Hakuwa na mama yake mwenyewe. Katika mambo ya namna hii alimtegemea huyu.

Moyo wa Mama Viatu ulipiga mara moja kwa nguvu. Akatabasamu.

"Baba, hiyo simu imezaa watoto wangapi?"

Binti akacheka mpaka akashika ubavu. Mkwe naye akacheka, akaona haya kidogo, akaizima simu na kuiweka kifudifudi mezani. Hakuisoma tena.

Siku nne baadaye, Alhamisi, jua likiwa bado halijafika utosini, Mama Viatu aliinua kichwa akamwona binti anakuja ameshikwa mkono na mwenzake wa mapokezi. Alikuwa anatembea kama mtu aliye ndani ya maji. Mwenzake alieleza kwa haraka kwamba alikuwa anaandika jina la mgeni akasema haoni kalamu, anaona cheche, na alipotakiwa aende hospitali alisema hapana, nipelekeni kwa mama.

Nipelekeni kwa mama. Neno lile Mama Viatu hakuweza kulitoa masikioni miezi mingi.

Akamketisha. Uso wa binti ulikuwa umeumuka, macho yamekuwa madogo, na alikuwa anajaribu kumtolea mama tabasamu. Mfamasia hakuitwa, alikuja mwenyewe, ameshika mashine yake. Akamfunga kitambaa mkononi, akabonyeza, akasoma. Akakifungua, akakifunga upya, akasoma tena. Mia na sabini juu ya mia na kumi na tano. Akaweka mashine chini na kutoa ufunguo wa gari, akamwomba mwenzake wa binti amfungie duka, na mlango akauacha wazi nyuma yake bila kugeuka.

Hospitali walimlaza binti ubavu wa kushoto, wakampunguzia taa, wakamchoma sindano, wakamtundikia dripu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuliza maswali huku mikono yake inafanya kazi. Mimba ya ngapi. Kichwa kimeanza lini. Kisha akauliza kama katika familia, hasa mama mzazi, kuna aliyewahi kupata presha ya mimba au kuanguka kifafa cha mimba.

Binti alijibu akiwa amefumba macho. "Hakuna. Mama alinizaa salama."

Mama Viatu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Mkwe alikuwa ndiyo kwanza anaingia, bado amevaa mkanda wa zana kiunoni. Daktari aliinamisha kalamu aandike. Ilikuwa sekunde moja tu ile, na yule mama aliona kwamba angeweza kuiacha ipite kama alivyoacha nyingine zote, na hakuna ambaye angejua kamwe.

"Ni mimi," alisema. "Mimi nilianguka. Si mimba yake yeye. Ya kwanza, kabla yake. Miezi sita. Mtoto alikufa."

Daktari hakumkemea. Aliandika. Akauliza kama kulikuwa na uvimbe kabla, akajibiwa ndiyo. Akauliza kama wakati ule alipimwa presha, akajibiwa hakumbuki, alikuwa hajitambui. Ndipo, kwa upole, kama mtu anayelazimika kumwekea mwenzake kitu kizito mezani, akaeleza kwamba kwa wenye historia hiyo huwa wanaanzishiwa kidonge kidogo kila siku tangu mwezi wa tatu wa mimba, na kupimwa mara kwa mara, na wengi huvuka. Akasema wengi, si wote. Mama Viatu alielewa kwamba lile la mwisho lilikuwa limewekwa pale kwa huruma, ili apate mahali pa kushika.

Binti alikuwa amefumbua macho. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kwa yale macho madogo yaliyozibwa na uvimbe. Kisha akageuza uso ukutani.

Walimzuilia ile mimba siku nne. Degedege halikuja, dawa ilifanya kazi yake, na daktari alisema kujua kumewasaidia kuamua upesi. Siku ya tano asubuhi presha ilipanda ikagoma kushuka, figo zikaanza kulegea, wakampeleka chumba cha upasuaji kabla hata chai ya wodi haijagawiwa. Alizaliwa msichana. Gramu mia saba na arobaini. Walimweka kwenye chumba cha joto, ndani ya sanduku la kioo, amevikwa kofia iliyofumwa na mtu asiyejulikana, mtu aliyekaa mahali akafuma kofia ndogo vile bila kujua ya nani.

Mkwe alikuwa kitandani kwa mkewe. Mama Viatu ndiye aliyekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kile chumba, siku ile yote na kesho yake. Nyusi zilikuwapo. Nyembamba sana, lakini zilikuwapo.

Kesho yake, saa sita mchana, muuguzi wa watoto alitoka akachutama mbele yake, akamshika magoti yote mawili. Alimwambia mtoto amechoka. Mapafu hayawezi. Wanafanya wanaloweza, lakini bibi ajiandae.

Mama Viatu akauliza kama binti yake ameambiwa. Muuguzi akasema mzazi bado ana presha, yuko wodi nyingine, ghorofa ya chini, madaktari wanaona asisumbuliwe. Ataletwa kesho akitulia.

Yule mama hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Miaka yote hospitali alikuwa akisema ndiyo na asante. Lakini sasa alisimama, na alipofungua mdomo hakupunguza neno.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi wangu walimzika nikiwa nimelala. Sikumwona uso. Ni miaka ishirini na tisa, na mpaka leo nikiona mtoto wa mtu najiuliza wangu alifananaje. Usimfanyie binti yangu hivyo. Mlete leo."

Muuguzi alimtazama, akasimama, akaenda zake. Mama Viatu alidhani amemkosea. Lakini baada ya muda mlango wa lifti ulifunguka, na kitanda kikatoka kizima kizima, na dripu zake, na binti juu yake, mkwe anasukuma upande mmoja, muuguzi na mfagizi wa ghorofa wanasukuma mwingine, maana watu wa kusukuma hawakutosha na yule mfagizi alikuwa ameweka ufagio wake ukutani akaja. Wakakiingiza kwa tabu, pembe moja ikagonga fremu. Wakafungua kioo. Wakamweka mtoto kifuani kwa mama yake, chini ya shati, ngozi kwa ngozi.

Mama Viatu alibaki nje. Hakuona kuwa ile ni nafasi yake. Kupitia upenyo wa mlango alimsikia binti anazungumza na mtoto kwa sauti ya kawaida, ile ya kusimulia visa vya wageni wa hotelini. Alimweleza kuhusu yule aliyepoteza ufunguo. Pumzi ya mtoto ilikwisha saa tisa na nusu.

Binti alirudi nyumbani kwake baada ya wiki mbili. Presha ilishuka taratibu, kidonda kikafunga. Maziwa yalikuja, yakachuruzika siku sita bila wa kuyanyonya, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yangekuja. Mama Viatu alikwenda kila siku asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Alifua, alipika, alifagia, alimfunga kifua kwa kanga kupunguza maumivu. Binti alimwambia asante kwa kila kitu, kwa adabu, kama mtu anayemshukuru mgeni. Mkwe aliwasogezea vikombe, akatoka, akajitafutia kazi ya kufanya uani, kila siku soketi ile ile.

Mama Viatu hakujitetea. Njiani alikuwa akipanga maneno, na mlangoni yote yalikuwa yakimwishia.

Siku ya ishirini na kitu, alikuwa anakunja mashuka, binti akamwita kutoka kwenye kochi.

"Mama, kaa."

Akakaa, shuka bado mapajani.

"Ungeniambia. Nilipokuuliza siku ile. Ulidhani ningekucheka?"

"Hapana."

"Ulidhani ningekukimbia?"

Mama Viatu alilikunja shuka mara moja zaidi, ingawa lilikuwa halina pa kukunjika tena. "Wao walinikimbia."

"Mimi si wao, Mama."

Lilikuwa jambo dogo na la wazi kiasi kile: mwanawe hakuwa wao. Miaka yote aliyomnyonyesha, akamsuka, akampeleka shule, akamwoza, alikuwa pia akijilinda dhidi yake, kama vile naye angeweza siku moja kutenga kikombe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko shimo la mguuni na kuliko ule utani wa simu, kwamba yeye ndiye aliyemweka mtoto wake mwenyewe kundi moja na wale.

"Nimekukosea," alisema. "Nimekukosea wewe, nimemkosea mumeo, nimemkosea na yule mtoto. Niliona, mwanangu. Mguu niliuona. Nikashona kiatu."

Binti alilia basi, kwa mara ya kwanza mbele yake tangu hospitali. Mama Viatu alinyoosha mkono, akausitisha njiani, akaurudisha. Binti aliuona ule mkono. Hakuufuata, lakini hakujisogeza mbali pia.

Alipotulia alijifuta kwa ncha ya kanga, akauliza jambo ambalo yule mama hakulitegemea. Akauliza kama yule kaka yake alikuwa amepewa jina.

"Hakupewa. Hawakuniuliza."

"Na wewe, moyoni, ulikuwa unamwitaje?"

Mama Viatu akamwambia. Lilikuwa jina la kawaida tu, na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likitoka kinywani mwake. Binti akalirudia polepole, mara mbili. Kisha akageukia dirisha, na mama yake akajua kwamba leo imetosha, akainuka, akaweka shuka kabatini, akachukua mkoba wake.

Alikuwa amekwishafika mlangoni binti aliposema, bila kugeuza kichwa.

"Sijaweza bado, Mama. Nataka, lakini sijaweza. Ila usiache kuja."

"Siachi."

Huko nje mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi na bisibisi mkononi, hatengenezi kitu. Alisimama ampishe. Mama Viatu alimshika bega, akataka kumwambia kwamba siku ile alikuwa anasoma vizuri, kwamba alipaswa kumwacha amalize. Hakuweza kulifikisha neno mwisho. Mkwe akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, akamchukulia mkoba, akamsindikiza mpaka barabarani.

Kesho yake asubuhi Mama Viatu alikuja tena. Akabisha hodi, akangoja.